Je, Wajua? Ziwa Lililoombwa Malvern

Mama mmoja anayeuza vitenge Jules Street, hapa Malvern, mashariki mwa Johannesburg, alinijia jioni moja na picha yake kwenye simu. Amesimama uani kwake, gauni jipya, kilemba kimekaa sawasawa, na nyuma yake kuna ukuta wa matofali na kamba ya kuanikia nguo. Alikuwa ametimiza miaka sitini, na picha hiyo alitaka kuwatumia dada zake kule Uvira, Kongo. "Utoe huu ukuta, mutoto yangu," akaniambia kwa Kiswahili cha kwao, "uniwekee ziwa." Nikamwambia arudi kesho. Kazi ilinichukua siku nne, na mengi ya haya nitakayoeleza niliyapitia upya katika siku hizo.

Je, wajua kwamba mji huu, ulio miongoni mwa miji mikubwa duniani isiyokaa kando ya bahari, ziwa wala mto mkubwa, umejengwa juu ya jina la maji? Witwatersrand, safu ya miamba inayoibeba Johannesburg, kwa Kiafrikana ni ukingo wa maji meupe. Randi, sarafu iliyoanza kutumika mwaka 1961, imechukua jina lake hapo. Tuko mita 1,750 hivi juu ya usawa wa bahari, na kwa barabara Durban na Maputo zote ziko zaidi ya kilomita 500. Hata maji ya bombani sehemu yake hutoka nchi nyingine: tangu 1998 yanateremka kutoka milima ya Lesotho, kwenye bwawa la Katse.

Lakini mto upo. Jukskei unaanzia karibu na uwanja wa Ellis Park, si mbali na hapa, unapita Bruma, unaelekea kaskazini na kuishia katika Limpopo. Limpopo nao unamwaga maji yake katika Bahari ya Hindi. Matone ya Bruma na mawimbi ya Forodhani, Zanzibar, ni ya bahari moja.

Je, wajua kwamba buluu unayoiona juu ya maji mara nyingi ni ya anga? Hapa ndipo wanaoanza kuhariri picha hukwama. Wanachukua brashi ya buluu, wanapaka, kisha wanashangaa kwa nini ziwa linafanana na turubai. Maji tulivu ni kioo cha ajabu kinachobadilika kufuatana na jicho linavyotazama. Ukiinama ukayatazama wima chini ya miguu yako, yanaakisi asilimia 2 tu ya mwanga. Asilimia 98 inazama ndani, ndiyo maana unaona kokoto, mchanga na vidole vyako. Ukiinua macho ukatazama mbali, mahali ambapo mwanga unakuja karibu sambamba na uso wa maji, karibu wote unarudishwa. Pale mbali huoni maji tena, unaona anga lililolala.

Kwa hiyo kwenye kompyuta leya ya anga haitakiwi kuwa na nguvu sawa kila mahali. Iwekee maski yenye mteremko wa rangi: karibu na mtazamaji iwe hafifu, chini yake uonekane mchanga, kadiri unavyokwenda mbali iwe nzito. Kwa hatua hiyo moja, hata kabla ya wimbi lolote, jicho linaanza kukubali.

Je, wajua kwamba taswira iliyo majini si picha ileile iliyopinduliwa kichwa chini? Programu zote zina amri ya kupindua, na kazi nyingi huishia hapo: nakili, pindua, punguza mwanga, basi. Ila maji hayaoni kile kamera inachokiona. Taswira ya majini ni kama picha iliyopigwa na kamera ya pili iliyofichwa chini ya uso wa maji, kina sawa na kimo cha kamera yako juu yake. Mwanamume aliyevaa kofia pana ukingoni mwa ziwa, juu unaona sehemu ya juu ya kofia. Majini unaona upande wa chini wa ukingo wake, na pengine tundu za pua. Nyumba iliyorudi nyuma hatua ishirini kutoka ufukweni, majini inaweza kuonyesha paa na madirisha ya juu tu, kwa sababu ukingo umeziba mengine. Mtu anaweza asijue kueleza kosa liko wapi, lakini akitazama atasema tu, "hapa pana kitu."

Cheupe kikiingia majini hufifia kidogo, na cheusi hupauka kidogo. Tofauti zinasogeleana.

Na upepo ukipita, taswira haivunjiki ovyo, hurefuka kuelekea kwa mtazamaji. Taa moja ng'ambo ya bandari inakuwa mstari mrefu wa dhahabu unaokuja hadi miguuni pako. Aliyekaa Kivukoni usiku, Dar es Salaam, anaujua mstari huo, na anajua pia kwamba ukitembea nao unatembea. Kwenye kompyuta basi, viwimbi vivutwe zaidi kwenda juu na chini kuliko kulia na kushoto, na vya mbali viwe vidogo, vyembamba, vilivyobanana. Filta ya viwimbi iliyopigwa kwa ukubwa mmoja picha nzima hutoa zulia lililokunjamana.

Je, wajua kwamba kijivu kinaweza kusukuma picha? Hii ndiyo siri ninayoipenda kuliko zote. Photoshop ina filta iitwayo Displace. Unaipa picha ya pili, ramani ya rangi nyeusi, nyeupe na kijivu, nayo inasogeza pikseli za picha yako kwa kuisoma ramani hiyo. Kijivu cha katikati kabisa, namba 128, hakisogezi kitu. Nyeusi, namba 0, husukuma hadi mwisho upande mmoja, na nyeupe, 255, hadi mwisho upande wa pili. Ramani ikiwa na chaneli mbili, ya kwanza husogeza kwa mlalo na ya pili kwa wima.

Maana yake ni kwamba ukiwa na picha halisi ya viwimbi, hata ya beseni la maji lililogongwa kwa kidole, unaweza kuigeuza nyeusi na nyeupe, ukaifanya laini kidogo, na viwimbi vile vikaingia katika taswira ya mtu yeyote. Mimi nilipiga picha ya beseni la bluu la kufulia, uani, saa kumi jioni, dada yangu akitikisa ukingo. Nilipiga picha arobaini. Iliyofaa ilikuwa moja, pale alipokuwa ameshaacha kutikisa na viwimbi vinatulia vyenyewe. Viwimbi vya beseni la Malvern ndivyo vilivyopita juu ya lile ziwa.

Je, wajua kwamba picha ya kwanza maarufu ya Photoshop ina bahari ndani yake? Agosti 1987, kisiwani Bora Bora, John Knoll alimpiga picha mpenzi wake Jennifer ameketi ufukweni, mgongo kwa kamera, akitazama maji na kisiwa ng'ambo. Baadaye walioana. John na kaka yake Thomas, ambaye alikuwa mwanafunzi wa udaktari Chuo Kikuu cha Michigan, walikuwa wakitengeneza programu ya kuhariri picha, na picha hiyo ndiyo waliyoibeba kuwaonyesha watu: wakamnakili Jennifer akawa wawili, wakaongeza kisiwa. Toleo la kwanza la Photoshop lilitoka Februari 1990. John alikuwa mfanyakazi wa kampuni ya madoido ya sinema, na katika filamu The Abyss ya 1989, ile yenye nguzo ya maji inayotembea kama nyoka na kuiga nyuso za watu, alikuwa kazini.

Ken Perlin naye, baada ya kufanya kazi kwenye filamu Tron ya 1982, alichoshwa na ulaini wa picha za kompyuta, kila kitu kimeng'arishwa kama plastiki. Mwaka 1983 akaandika njia ya hesabu ya kutengeneza vurugu iliyo na mpangilio: mawingu, moshi, mishipa ya marumaru, uso wa maji. Mwaka 1997 alipewa tuzo ya kiufundi ya Oscar kwa kazi hiyo. Wanaotengeneza mawingu au uso wa maji ndani ya kompyuta bado wanapita njia aliyoifungua.

Huna fedha ya kulipia programu kila mwezi? GIMP ni ya bure, ilianza kutolewa kwa umma 1996, kazi ya wanafunzi wawili wa Berkeley, Spencer Kimball na Peter Mattis. Ina leya, maski, viwimbi na ramani ya kusogeza pikseli. Inafanya kazi hata kwenye laptopu kuukuu, na kwa ziwa la mama huyu niliitumia hiyo.

Je, wajua kwamba kuunganisha maji na anga kulianza kabla ya kompyuta, kabla hata ya filamu ya plastiki? Gustave Le Gray, Mfaransa, katika miaka ya 1856 na 1857 alipiga picha za bahari nyakati ambazo kemikali za siku zile hazikuweza kuchukua anga na maji kwa pamoja: anga likitoka vizuri, maji yanakuwa meusi, maji yakitoka, anga linaungua jeupe. Akapiga negativu mbili, moja ya mawingu na moja ya mawimbi, akazichapa kwenye karatasi moja. Watu walistaajabu. Mshono uko kwenye upeo wa macho, mahali pale pale tunapoweka mshono hadi leo.

Kwetu pwani, Lamu, Omar Said Bakor alikuwa na studio yake na mkasi wake. Alikata watu kutoka picha moja akawaweka katika nyingine, akapiga upya ile picha iliyounganishwa, na wateja wakaondoka na kitu ambacho kamera peke yake isingewapa. Na Likoni, Mombasa, karibu na kivuko, miaka ya 1990 wapiga picha walijenga vibanda vyenye mapazia yaliyochorwa bahari, meli, ndege na majumba. Wateja wengi walikuwa watu wa bara waliokuja pwani kutafuta kazi. Bahari yenyewe ilikuwa hatua chache nje, mtu alitoka kivukoni miguu ina mchanga, lakini alichagua kupigwa mbele ya bahari iliyochorwa, kwa sababu ile ndiyo iliyokuwa bahari ya kupeleka nyumbani. Nikiwakumbuka hao, siwezi kumlaumu mama anayeomba ziwa.

Sasa njoo Jules Street mvua ikinyesha. Barabara hii imenyooka kilomita kadhaa, na yadi zake za magari yaliyotumika zinajulikana mji mzima. Mvua za nyanda za juu hapa huja majira ya joto, Oktoba hadi Machi, mara nyingi alasiri na radi yake, na zikiisha lami yote ni kioo: taa nyekundu za breki, mabango, vioo vya magari, vyote vimening'inia chini ya barabara.

Je, wajua kwa nini kitu kilicholowa huwa cheusi zaidi? Maji yenyewe hayana weusi. Utando mwembamba wa maji juu ya lami, mchanga au kitambaa huunasa mwanga: unaingia, unagonga chini, unapotaka kutoka sehemu yake inarudishwa ndani na uso wa maji, inagonga tena, na kila ikigonga inapungua. Anders Ångström, Mswidi, aliyaeleza haya mwaka 1925. Kwa hiyo ukitaka kulowesha ukuta au barabara kwenye picha, anza kwa kupunguza mwanga na kuongeza ukolevu wa rangi, ndipo uweke mng'ao. Wengi huanza na mng'ao, na barabara inaonekana imepakwa mafuta.

Je, wajua kwamba tone la mvua halina ncha? Lile umbo la chozi ni la tone linalosita kwenye mdomo wa bomba. Likishaanguka, tone dogo ni duara, na kubwa hubonyea chini likafanana na mkate wa bofulo. Tone kubwa hushuka kwa kasi ya mita 9 hivi kwa sekunde. Fanya hesabu: shata ya kamera ikifunguka kwa sehemu moja ya 125 ya sekunde, tone hilo limeshasafiri sentimita 7, na kwenye picha linakuwa mstari. Kwa sehemu moja ya 1,000 mstari huo unabaki milimita 9. Basi kama gari kwenye picha limegandishwa kabisa na mvua uliyoiongeza ni mistari mirefu, shata mbili zimekutana katika picha moja na jicho litalalamika. Kumbuka pia mvua huonekana mbele ya vitu vyeusi, kama mti, mlango wazi au koti la polisi wa barabarani, na hupotea mbele ya anga jeupe. Usiipake kila mahali.

Tone lililokaa kwenye kioo cha dirisha ni lenzi, na ndani yake mtaa mzima umesimama kichwa chini. Nakili picha ya nyuma, izungushe nusu mzunguko, ipunguze, iingize ndani ya tone. Nukta ya mng'ao ikae upande wa jua. Upande wa pili, ndani ya tone, uwe na mwanga laini, kwa sababu tone limeupitisha na kuukusanya huko.

Yale matone mazuri kwenye chupa za soda za matangazo mara nyingi ni maji yaliyochanganywa na gliserini. Hayakauki haraka chini ya taa.

Rhodes Park, kule Kensington, jirani zetu wa kaskazini, kuna kijiziwa. Je, wajua kwamba bata akiogelea pale na meli ikitoka bandari ya Mombasa, vyote viwili huacha nyuma mawimbi yenye umbo la V, na pembe ya V hiyo kwa kawaida ni ileile, nyuzi 39 hivi? Lord Kelvin aliipiga hesabu hiyo mwaka 1887, na inahusu maji yenye kina cha kutosha. Nimeona majahazi mengi yaliyobandikwa juu ya bahari na nyuma yake hakuna kitu, kama yameegeshwa juu ya meza. Chora V ya nyuzi 39, na jahazi linaondoka.

Je, wajua kwamba papa wawili wa Afrika Kusini wameogelea katika uongo wa dunia nzima? Mwaka 2001 ilizunguka picha ya papa akiruka kutoka majini kumkamata mtu aliyening'inia kwenye ngazi ya helikopta. Helikopta ilipigwa San Francisco. Papa alipigwa picha na Charles Maxwell huku False Bay, karibu na Cape Town. Wa pili alipigwa picha na Thomas Peschak mwaka 2003, akiifuata kayaki ya manjano katika bahari ya Afrika Kusini. Picha ni ya kweli kabisa. Lakini papa yule alikatwa, akabandikwa kwenye barabara iliyofurika, na mwaka 2011 ikadaiwa ni Puerto Rico baada ya kimbunga Irene. Mwaka 2017, kimbunga Harvey kilipoipiga Houston, akaibuka tena. Kuna watu wanakimbia mafuriko wanahitaji kujua njia ipi inapitika, na simu zao zimejaa papa. Hilo linaniuma. Kumwekea mama ziwa kwenye picha ya siku yake ya kuzaliwa, yeye akijua na dada zake wakijua, ni jambo moja. Kuongeza maji kwenye mtaa wa watu na kuita habari ni jingine, na mtu wa kazi hii akatae hata akilipwa vizuri.

Wapo wanaoondoa badala ya kuongeza. Andreas Gursky, Mjerumani, katika Rhein II ya 1999 alifuta majengo na watu ukingoni mwa mto Rhein, yakabaki maji, nyasi na anga. Mwaka 2011 iliuzwa New York kwa zaidi ya dola milioni 4.3.

Tangu 2023 Photoshop inaweza kukuletea ziwa kwa maneno tu: unaandika unachotaka, unasubiri kidogo. Nimeijaribu. Inatoa maji mazuri, laini, yasiyo ya mahali popote.

Ziwa la mama nililimaliza siku ya tatu, au nilidhani nimemaliza. Ukuta umetoka, kamba ya nguo imetoka, mwanga wa jua unatoka kushoto kama ulivyokuwa uani, mchanga karibu na miguu umelowa na kukolea, viwimbi vya beseni vinapungua kuelekea mbali. Upeo wa macho niliuweka usawa wa kifua chake, kwa sababu simu iliyompiga ilishikwa kwa kimo hicho: juu ya maji mapana upeo daima hukaa kimo cha kamera, na watu wazima wote waliosimama ufuko uleule hukatwa nao kwa kimo kilekile. Mstari safi, ulionyooka, na juu yake anga. Nikamtumia.

Jibu lilikuja usiku. "Hii haiko ziwa yetu. Hii ni bahari."

Nilirudi kwenye skrini nikatazama, na nikaona alichokiona. Uvira iko ncha ya kaskazini ya Ziwa Tanganyika, na Bujumbura iko ng'ambo, jicho kwa jicho. Ukisimama ufukweni kule ukatazama mashariki, siku isiyo na ukungu, unaiona milima ya Burundi. Kule maji hayaishii kwenye anga, yanaishia kwenye nchi ya watu. Mstari wangu safi ulikuwa umewafuta jirani wote.

Siku ya nne niliichora milima. Kitu cha mbali hupoteza weusi wake kwanza, hewa ikijaa katikati, kwa hiyo nikaipa buluu ya kijivu, hafifu, kingo zake laini, ya nyuma hafifu kuliko ya mbele. Taswira yake majini sikuiweka kama mlima uliopinduliwa. Kwa umbali ule na upepo wa asubuhi ilitosha kuyatia giza maji kidogo chini yake, ukanda mwembamba, karibu haushikiki kwa macho. Nikatuma tena.

Safari hii alijibu kwa sauti, sekunde nne, na nyuma yake nikasikia mtu akipanga bei ya kitenge kwa Kizulu.

"Hapo ni Kalundu," akasema. "Nasimama upande ya bandari."